Nilivyomfuata Twaha Mpaka Pune

Nyie mnaoniuliza pale kwenye kahawa, "Athumani, hivi ilikuwaje huko Uhindini?", nimewajibu vipande vipande mpaka mmeviunga mnavyotaka wenyewe. Sasa nasikia inasemwa nilikwenda kumtoa mdogo wangu kwenye hekalu la masanamu, nikamkuta kanyoa kichwa, kavaa shuka la njano. Mimi shuka la njano sikuliona. Basi nimekaa chini nimeandika. Shule niliiacha darasa la nne nikaingia mikokoni kukata boriti, kwa hiyo mkikuta mahali pamepinda nyoosheni wenyewe. Na majina nitayataja. Waliofanya wanajijua, na nyie mnawajua.

Maparoni hadi Nyamisati

Mama alikuwa kitandani kwetu Maparoni tangu mavuno ya mpunga, miguu imevimba, chakula hataki ila uji. Siku moja alinivuta mkono akaniambia, "Kaniletee Twaha. Hamadi sikumzika, maji yalimchukua. Nyie wawili mliobaki nataka mnishushe kaburini wenyewe, mmoja kichwani, mmoja miguuni. Nisishushwe na watu wa kuazima."

Nikamwambia, "Mama, mjomba kamkataza Twaha kukanyaga hapa."

"Mjomba wenu ni kaka yangu. Twaha nimemzaa."

Kwa asiyejua: Twaha ni mdogo wetu wa mwisho, ndiye aliyekuwa na kichwa. Chuoni kwa maalim alikuwa akisikia juzuu mara moja imeingia. Baadaye akapata nafasi ya kwenda kusomea uhasibu India, mji wa Pune, pamoja na Rajabu wa Kibiti, na walikaa chumba kimoja. Rajabu akarudi kabla ya wakati, akaja na sauti ya Twaha kwenye simu. Akawasikilizisha watu msikitini kwetu baada ya swala ya Ijumaa. Mimi siku hiyo nilikuwa mikokoni, nikakuta maneno tu: Twaha kaacha uhasibu, anasoma vitabu vya Mabudha kwa lugha yao ya kale inaitwa Kisanskriti, katoka katika dini. Mjomba wetu Salumu, ndiye mwenye kauli katika ukoo na imamu wa msikiti wetu, alimpigia simu siku ileile akamwambia asirudi.

Boti iliyokuwepo ya kunivusha hadi gati la Nyamisati ilikuwa ya Kombo, na Kombo nitamtaja kwanza. Ndiye aliyempakia Hamadi, ndugu yetu wa kati, juu ya magunia ya mpunga mpaka maji yakawa yanalamba ukingo. Tulimwambia. Akasema boti yake anaijua mwenyewe. Ikazama tumo ndani. Mimi nilitoka hai kwa kukumbatia dumu la mafuta. Hamadi mpaka leo hatumjui alipo. Kombo naye alitoka hai, akanunua boti nyingine.

Tulipofika katikati ya mkondo akaniuliza, "Athumani, bado una kinyongo na mimi?"

"Endesha boti."

"Si naendesha."

"Basi endesha kimya."

Mashine ikazimika mara mbili kwenye mlango wa mto. Nilikaa nimeshika ubao kwa mikono yote miwili kama mgeni wa maji.

Kibiti

Anayetoka Nyamisati kwenda Dar hana haja ya Kibiti. Akifika Bungu kwenye lami anashika kaskazini. Mimi nilishika kusini kwa makusudi, kwa sababu Rajabu ana kibanda cha kutengeneza simu karibu na stendi.

"Shikamoo, kaka Athumani."

"Sikuja kuamkiwa. Nataka nisikie ile sauti."

Akajifanya anaitafuta. Akaiweka. Ilikuwa sauti ya Twaha kweli, ile yake ya polepole kama anayehesabu: hakuna aliyeumba ulimwengu, angekuwepo muumba mmoja vitu vyote vingetokea kwa pamoja, visingengojana. Ikakatika hapo. Ndugu zangu, hata mimi niliingiwa na shaka.

Nikamuuliza, "Na wewe kwa nini uliacha chuo?"

"Niliona dini yangu inaharibika, kaka."

Alisema huku akichokoa simu ya mtu, uso hakuinua. Mama lishe wa jirani akacheka, akasema, "Dini gani, Rajabu? Wewe si ulisema walikufukuza kwa kutohudhuria?" Rajabu akamwambia aangalie maandazi yake. Neno lile sikulipa uzito siku ile. Nilinunua machungwa nikapanda gari la Dar.

Mumbai, na garimoshi la milimani

Mambo ya tiketi na makaratasi hayana ladha, nayaruka. Ndege niliiona kama boti isiyo na maji, ila haina pa kuruka nje. Nilikuwa nimebeba mfuko wa kamba wakavu wa kwetu. Kwetu huendi kumwona mwalimu wa ndugu yako mikono mitupu, na mimi nilitaka kumwona huyo mwalimu, nimjue kwa sura.

Mumbai nilikuta mvua za kule, mvua isiyosimama hata kujikuna. Nikapanda garimoshi la Pune. Tukapanda milima, tukasimama. Udongo ulikuwa umeporomoka juu ya reli mbele yetu. Tulikaa pale tangu asubuhi mpaka mchana ukaisha. Mfuko wangu ukaanza kusema wenyewe. Baba mmoja mwenye miwani akahama kiti. Mke wake akafuata. Binti mmoja akafungua dirisha, mvua ikamlowesha, akaona heri mvua.

Akaja mama mmoja mnene, sari kaibana katikati ya miguu kama suruali, kapu kichwani. Akasimama. Akavuta pumzi. Akanikalia mbele, akaonyesha mfuko kwa kidole. Nikafungua. Akachukua kamba mmoja, akamtafuna hivyohivyo mkavu, akafumba macho, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Akafunua kapu lake, kumbe naye kajaza samaki wakavu, wembamba, warefu kama mikanda. Akanipa wa kwake, mimi nikampa kamba wa kwetu. Lugha hatukuwa nayo hata moja. Alinionyesha kwa mikono: mume, wavu, bahari, kisha akalaza kiganja chini polepole. Mimi nikamwonyesha ndugu, boti, kiganja nikakilaza vilevile. Akanimegea chapati na achari ya embe kali iliyonitoa machozi, nikafurahi kupata kisingizio.

Pune

Twaha alinipokea stesheni. Kakonda, ana ndevu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono kichwani. Nilimtazama kwanza kichwa, nione kama kanyolewa.

"Unatafuta nini, kaka?"

"Natafuta ulivyoharibika."

"Twende ukanitafute vizuri baada ya kuswali. Isha inatupita."

Tukaswali kwenye msikiti wa karibu na soko. Imamu alimjua kwa jina. Njiani nikamwambia habari ya mama na alichotaka. Alisimama katikati ya watu, pikipiki zinatupigia honi kulia na kushoto, akasema, "Nakuja. Kesho asubuhi nikamuage mwalimu, kisha tuondoke." Wala hakuuliza mjomba anasemaje.

Asubuhi alinipa chakula, nikaona pepeta. Pepeta kabisa, mchele uliopondwa ukawa bapa, ila wao wanautia bizari, vitunguu na karanga.

Mwalimu wake alikuwa mwanamke. Hilo Rajabu hakulisema. Bibi mwembamba, mvi tupu, anaitwa Vasudha, alifundisha chuo kikuu mpaka akastaafu, sasa anafundisha sebuleni kwake bure. Twaha alikuwa amepanga chumba chini ya nyumba yake. Kila siku akitoka kwenye uhasibu anasikia juu mtu anasoma, anasimama, anafafanua, anasoma tena. Aliniambia, "Kaka, nilidhani nimerudi kwetu." Akapanda ngazi kuuliza.

Niliingia nikatafuta sanamu. Kulikuwa na saa ya ukutani na picha ya marehemu mumewe. Wanafunzi wachache wamekaa chini, viatu nje, na mbele ya kila mmoja kitabu juu ya marufaa, kile kibao cha kukunja tunachowekea juzuu. Nikafanya kama kwetu: nikamwamkia, nikauweka mfuko wa kamba mbele yake, karibu na kitabu.

Wanafunzi wakavuta vitabu vyao. Twaha akawa rangi ya majivu. "Kaka," akasema taratibu, "mwalimu hali chochote chenye roho. Humu ndani haingii hata yai."

Bibi akauliza ni nini. Twaha akamwambia. Bibi akautazama ule mfuko, akanitazama mimi, akakunja viganja kunishukuru. Wakampelekea mlinzi wa chini, na mlinzi nasikia alifurahi sana. Lakini harufu ikabaki kwenye mkeka, na bibi akaifanya somo. Twaha alinifasiria sikioni: "Anasema kamba wameshaondoka, harufu ipo. Kitabu kinasema matendo yetu ndivyo yalivyo. Jambo linapita palepale lilipotokea, halikai hata kidogo, ila linaacha harufu, na harufu ndiyo inayozaa la kesho. Wanasema hata mtu ni hivyo. Hakuna mimi anayekaa, kuna mfululizo tu, kama maji ya mto."

Nikamwambia, "Muulize. Kama yule aliyekuwa kwenye boti ya Kombo si mimi, nani anayeamka kila alfajiri kashika dumu?"

Alisita, akauliza. Bibi hakucheka. Alifungua karatasi za mbele, akaweka kidole mstari mmoja. Twaha akasema, "Anasema swali lako limo. Yupo mpinzani kwenye kitabu, analiuliza hilohilo. Hawa waandishi wa zamani hawajibu hoja mpaka kwanza wamwachie mpinzani aseme yake yote, kwa nguvu zote."

"Na jibu?"

"Liko mbele kurasa nyingi. Na mwalimu anasema yeye mwenyewe jibu lile halimtoshi. Mumewe alikufa."

Nilimheshimu bibi yule kuanzia hapo.

Basi nikamweleza Twaha sauti niliyoisikia Kibiti. Akatoa simu yake, akanisikilizisha yote. Inaanza na bismillahi. Halafu: "Anasema mwenye kitabu," yaani aliyekitunga. Ndipo yale ya hakuna aliyeumba. Halafu: "Anajibu mpinzani wake," na mpinzani anamtetea Muumba, hoja ndefu, nzuri. Twaha alikuwa anakitafsiri kitabu kile cha bibi kwa Kiswahili, anajirekodi ili asikie kama kinatamkika. Aliniambia kile kitabu nusu yake ya Kisanskriti imeshapotea, hakuna anayejua iko wapi, kilichotoka hai ni tafsiri ya Kitibeti. "Watu waliokitafsiri hawakuwa wamekubali kila neno, kaka. Wangekitupa, leo tusingekuwa na cha kusoma."

Rajabu alichukua sauti simuni mwenzake akiwa usingizini, akakata mwanzo, akakata mwisho. Kama alivyosema mama lishe, alikuwa kafukuzwa chuo kwa uvivu na alihitaji sababu ya kumpa baba yake. Sababu ikawa mdogo wangu.

Kurudi

Tuliondoka kwa garimoshi, na reli ikafungwa tena na mvua. Tukashushwa mji mdogo wa mlimani, tukangoja basi pamoja na mahujaji wa Kihindu waliokuwa wanaimba, wakatugawia karanga za sukari. Ndege yetu ikatuacha. Tukalala chini uwanjani tukingojea nyingine. Kila nilipopiga simu nyumbani, Bi Mwanaisha jirani yetu alijibu, "Yupo. Anauliza mmefika wapi." Nikamwambia tumefika Dar ilhali tuko Mumbai. Mara ya mwisho aliiweka simu sikioni kwa mama. Mama akasema, "Twaha, umekula?" Twaha akasema amekula. Simu ikarudi kwa Bi Mwanaisha.

Dar tulipata gari, likaharibika Mkuranga. Dereva akalala chini ya gari, abiria wakala mihogo ya kukaanga, wengine wakalaumiana. Twaha alikaa pembeni midomo ikicheza. Nilidhani anasoma ya Kisanskriti. Nikasogea. Alikuwa anamsomea mama, zile sura tulizosoma sote kwa maalim.

Gatini Nyamisati

Tulifika Nyamisati maji yamekupwa. Boti ya Kombo imelala kwenye tope, na kwenye ngazi za gati kakaa mjomba Salumu na kifurushi mapajani. Karatasi ilikuwa imechanika pembeni. Ilikuwa bafta nyeupe, na juu yake kasha la ubani na mkebe wa karafuu maiti.

Nikatua begi chini.

"Alfajiri," mjomba akasema. "Duka la kwetu bafta ilikuwa imekwisha."

Twaha akachutama palepale alipokuwa. Akasema yanayosemwa, kwamba sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Mjomba akamtazama kinywa kama mtu anayetazama mkono wa mwizi.

"Shikamoo, mjomba."

Mjomba hakuitikia.

Maji yalikuwa bado. Tukawa hatuna pa kwenda, sisi watatu na sanda, na Kombo ndani ya boti akijitia anakausha maji. Nikachukua simu ya Twaha nikaweka sauti yote mwanzo mpaka mwisho. Mjomba akasikiliza. Ilipokwisha akauliza, "Hii sauti ya nani?"

"Ya Twaha, lakini anasema mwenye kitabu."

"Mwenye kitabu alitumia mdomo wa nani?"

Nikamwambia, "Mjomba, wewe mwenyewe ukituswalisha unasoma maneno ya Firauni anavyojiita mungu. Mbona hatusemi Salumu kajifanya mungu?"

Nilidhani nimempata. Akafikiri, si mjinga mjomba. "Firauni ukimsoma, unasoma na mwisho wake hapohapo. Kalaaniwa, kazamishwa. Huyu mwenye kitabu, Twaha, nani kamlaani?"

Twaha akasema, "Mimi natafsiri, mjomba. Silaani."

"Basi sikia. Sikukatazi kumzika mama yako. Tukifika, simama msikitini mbele ya watu, toa shahada upya kama anayesilimu. Ukishamaliza, utaingia kaburini na kaka yako."

Twaha aliyatazama maji mpaka yakaanza kugusa usukani wa boti. Kisha akasema, "Shahada naitoa kila siku, mjomba, na hapa naitoa ukitaka. Ya kusilimu sitoi. Nikiitoa nimekiri kwamba nilitoka. Sikutoka."

"Ni maneno tu, mdogo wangu," nikamwambia. "Yaseme, mama akazikwe."

"Kaka, umekuja mpaka Pune ukaona. Unataka niseme uongo kwenye shahada?"

Kombo akatuita tupande, maji yamefika. Tulivuka sote kwenye boti moja, sanda katikati yetu, na Twaha aliivulia koti lake akaifunika isilowe.

Maparoni

Bi Mwanaisha alimfunulia Twaha uso wa mama kwa siri, kabla wanaume hawajaingia. Hilo nalisema ili mjue alikuwepo mtu mmoja mwenye ubinadamu siku ile. Twaha akakaa kidogo na mama, akatoka nje mwenyewe.

Mjomba alitangaza barazani kwamba Twaha hashiriki mazishi. Hakuna aliyebisha. Kombo alikuwepo, muuaji wa ndugu yangu, akaswali safu ya mbele. Rajabu kaja kutoka Kibiti na kanzu iliyopigwa pasi, naye akabeba jeneza. Twaha alibaki uani na wanawake, akiwachotea maji.

Kaburini nilishuka mimi. Aliyeshuka upande wa pili ni mjomba Salumu. Tulimpokea mama, mwepesi, kama hakuwahi kutuzaa sote. Mjomba alifanya kila kitu kwa adabu, hilo siwezi kumsingizia, na ndilo linaloniuma zaidi. Angekosea ningekuwa na la kumshika.

Niliporudi, Twaha alikuwa kakaa kwenye kinu kilichoangushwa. Akanisogezea nafasi.

"Mmemlaza ubavu wa kulia?"

"Ndiyo."

"Shavu limegusa udongo?"

"Limegusa."

"Nani kafungua kamba za sanda?"

Nilitaka kumdanganya. Nikasema, "Mjomba."

"Vizuri," akasema Twaha. "Mjomba anajua."

Maji ya jioni yalipojaa akaondoka kurudi Pune, na boti ikawa ileile ya Kombo. Mjomba Salumu, Rajabu, Kombo: Twaha hakunitajia hata mmoja wao kwa ubaya, na juzi kwenye simu kaniuliza kama mjomba bado anakohoa. Mimi nimeambiwa nisamehe, yamepita. Kwangu hayajapita. Wale wanaouliza kwa nini siku hizi siswali nyuma ya mjomba, jibu ndilo hili mmelisoma.